Kidhibiti cha Dijei na Kompyuta: Safari ya Amri na Safari ya Sauti

Hapo zamani mcheza santuri alihitaji mashine mbili za kuzungusha santuri na kichanganyio kimoja kati yake. Siku hizi wengi hutumia kidhibiti, yaani bao lenye magurudumu mawili, vitufe na vitelezi, ambalo huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Wanafunzi wengi hudhani kwamba muziki umo ndani ya bao hilo. Sivyo. Muziki umo katika kompyuta, na programu ndiyo inayouchanganya. Bao hupeleka amri tu.

Amri

Vidhibiti vingi hutumia utaratibu wa MIDI, uliotangazwa mwaka 1983. Kitelezi kinaposogezwa, ujumbe wa baiti tatu hupelekwa: ya kwanza hutaja aina ya amri, ya pili namba ya kitelezi, na ya tatu kiasi. Kiasi hicho huandikwa kwa biti 7. Kwa hiyo kina thamani 128, kuanzia 0 hadi 127. Programu, kama vile Mixxx ipatikanayo bure, hutumia jedwali linaloonyesha kila namba ni ya kazi gani. Pasipo jedwali hilo, gurudumu litazunguka bila matokeo.

Utaratibu wa kuunganisha

1. Programu iwekwe kwanza katika kompyuta, kisha kidhibiti kiunganishwe. Spika ziwe zimezimwa.
2. Katika mipangilio ya programu, kidhibiti kichaguliwe pamoja na jedwali lake.
3. Njia za sauti zitengwe. Kwa kawaida, njia ya 1 na ya 2 huenda kwenye spika. Ya 3 na ya 4 huenda kwenye visikizi vya masikioni, ili dijei asikilize wimbo ufuatao kabla ya hadhira kuusikia. Kidhibiti kisicho na kadi ya sauti ndani yake huhitaji kadi ya nje kwa kazi hii.
4. Sauti ishushwe kabisa, spika ziwashwe, kisha sauti ipandishwe polepole. Wakati wa kufunga, spika huzimwa kwanza.

Tatizo la kuchelewa

Kompyuta hugawa sauti katika sampuli, mara nyingi 44,100 kwa sekunde, na kuzitoa kwa mafungu. Fungu likiwa na sampuli 512, muda wake ni:

512 ÷ 44,100 = sekunde 0.0116

yaani takriban milisekunde 12. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya karibu mita 340 kwa sekunde. Basi kuchelewa huko ni sawa na kusikiliza spika iliyo umbali wa mita 4. Fungu la sampuli 4,096 huchelewesha sauti kwa milisekunde 93, na mkono wa dijei hauendi tena pamoja na mdundo. Lakini fungu likipunguzwa mno, kompyuta haiwahi kuliandaa kwa wakati, na sauti hukatikakatika. Yafaa kuanza na 1,024, kisha kupunguza kwa nusu hadi mikwaruzo isikike, na kurudi hatua moja. Jaribio hili lifanywe kabla ya siku ya sherehe, si mbele ya wageni.

Zoezi

Ikiwa sampuli ni 48,000 kwa sekunde na fungu ni 256, sauti itachelewa milisekunde ngapi? Umbali unaolingana nao ni mita ngapi?