Gesi Iliyomo Ndani ya Jokofu: Namna ya Kulinganisha Kabla ya Kununua

Mlaji anayetafuta jokofu au kiyoyozi katika maduka ya Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta huuliza kwanza bei, kisha ukubwa, kisha matumizi ya umeme. Ni nadra kuuliza ni gesi gani inayozunguka ndani ya mabomba yake. Somo hili linaeleza kwa nini swali hilo lina uzito, na namna mlaji anavyoweza kulijibu mwenyewe kwa kusoma kibandiko na kufanya hesabu moja ya kuzidisha.

Kipimo kimoja kwa gesi nyingi

Gesi zinazoongeza joto la dunia hazina nguvu sawa, wala hazidumu angani kwa muda sawa. Methani hunasa joto kwa nguvu kuliko hewa ukaa, lakini hutoweka baada ya miaka 12 hivi, ilhali sehemu ya hewa ukaa hubaki kwa karne nyingi. Ili kuzilinganisha, wanasayansi hujumlisha joto linalonaswa na kilo moja ya gesi katika muda uliowekwa, kwa kawaida miaka 100, kisha hugawanya kwa joto linalonaswa na kilo moja ya hewa ukaa katika muda huohuo. Jibu ni uwezo wa gesi hiyo wa kuongeza joto duniani, nao huandikwa kwa herufi GWP. Hewa ukaa yenyewe hupewa namba 1.

Kipimo hiki si kigeni Temeke. Mradi wa kuvuna gesi ya taka katika dampo la zamani la Mtoni ulisajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, na kwa kanuni za wakati huo tani moja ya methani ilihesabiwa kuwa sawa na tani 21 za hewa ukaa.

Hesabu ya mlaji

Jina la gesi na uzito wake huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma au ndani ya jokofu, au ubavuni mwa kiyoyozi. Namba zifuatazo ni za kipindi cha miaka 100, kama zinavyotumika sana tangu ripoti ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2007:

R-410A: 2,088
R-22: 1,810
R-134a: 1,430
R-32: 675
R-600a: takribani 3

Zidisha uzito kwa namba. Kiyoyozi chenye kilo 1 ya R-410A kimebeba gesi iliyo sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. Chenye kilo 0.7 za R-32 kimebeba kilo 472.5. Jokofu lenye gramu 120 za R-134a limebeba takribani kilo 172. Lenye gramu 50 za R-600a halifiki hata robo kilo.

Gesi hiyo haina madhara kwa tabianchi maadamu imo ndani ya mabomba. Madhara huanza bomba linapovuja, au fundi anapoifungulia hewani ili ajaze nyingine.

Mambo yanayopotosha

Kwanza, maneno “haidhuru ozoni” hayamaanishi kwamba gesi haiongezi joto. R-134a na R-410A hazimomonyoi tabaka la ozoni kama R-22, lakini namba zake ni kubwa. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo.

Pili, namba hubadilika kwa muda uliochaguliwa na kwa ripoti iliyotumika. R-134a ina 1,430 kwa miaka 100, lakini 3,830 kwa miaka 20, kwa kuwa nguvu yake kubwa huonekana mapema. Ripoti ya mwaka 2013 iliipa 1,300 kwa miaka 100. Usilinganishe namba za vyanzo viwili. Gesi ileile yaweza kuonekana nafuu kwa karatasi tu.

Tatu, GWP haipimi umeme wala usalama. Jokofu lenye gesi nzuri lakini linalokula umeme mwingi bado ni hasara kwa mlaji na kwa mazingira. Aidha, R-600a hushika moto. Usikubali ijazwe katika jokofu lililotengenezwa kwa gesi nyingine, wala lihudumiwe karibu na moto au na fundi asiye na mafunzo ya gesi hiyo.

Kabla ya kulipa

1. Soma kibandiko. Kikiwa kimebanduliwa, hasa kwenye chombo kilichotumika, huna namna ya kujua umenunua nini.
2. Andika jina la gesi na uzito wake kwenye risiti.
3. Linganisha vyombo viwili vyenye ukubwa unaokaribiana kwa hesabu iliyoonyeshwa, kisha linganisha matumizi ya umeme.
4. Gesi ikipungua, mtake fundi atafute na kuziba tundu kabla ya kujaza. Chombo kisichovuja hakihitaji kuongezwa gesi kila mwaka. Anayejaza bila kuziba anakulipisha gesi itakayopotea tena angani.
5. Chombo kikichakaa, usikate mabomba yake. Kipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi na mtungi wa kuihifadhi.