Kupanda na Kushuka: Maneno Marefu ya Kitabibu Yanayofanana Herufi

Mgonjwa anaporuhusiwa hospitalini mjini Morogoro na kurejea Mgeta, Kinole au Matombo, hubeba karatasi inayoeleza maradhi yake na matibabu aliyopewa. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwongoza mhudumu wa zahanati atakayempokea huko milimani Uluguru. Aghalabu sentensi zake ni fupi, lakini maneno yake ni marefu, ya Kiingereza, na baadhi yanafanana karibu herufi zote. Somo hili linachambua jozi mbili za maneno hayo, ambazo kulisoma neno moja kwa maana ya jingine kunaweza kugharimu uhai.

Muundo wa maneno

Maneno mengi marefu ya kitabibu ya Kiingereza yameundwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini. Kila kipande kina maana yake, na anayevifahamu vipande halazimiki kukariri neno zima. Kipande "-aemia", kwa mfano, hukaa mwishoni na kutaja hali ya damu. Kipande "-tomy" hutaja ukataji, yaani upasuaji. Ugumu hauko katika urefu wa neno. Uko katika herufi moja au mbili zinazogeuza maana, zikiwa zimefichwa kati ya herufi nyingi zisizobadilika.

Jozi ya kwanza: sukari ya damu

Tazama "hyperglycaemia" na "hypoglycaemia". Maneno haya yana herufi 12 za pamoja. Kinachoyatenganisha ni "er" katika la kwanza na "o" katika la pili. Kipande "hyper" kina maana ya juu au kupita kiasi. "Hypo" ni chini au pungufu. "Glyc" ni sukari. Hivyo neno la kwanza ni kupanda kwa sukari katika damu, na la pili ni kushuka kwake.

Sukari iliyopanda huleta kiu kali, mkojo mwingi na uchovu. Sukari iliyoshuka huleta kutetemeka, jasho, njaa na kuchanganyikiwa, na isipotibiwa huleta degedege na kupoteza fahamu. Humpata mwenye kisukari aliyechoma insulini kisha akapanda shambani bila kula. Humpata pia mtoto mwenye malaria kali, na kwinini, iliyotumika kwa miaka mingi kutibu malaria, nayo huweza kuishusha sukari.

Matibabu ya hali hizi mbili yanapingana. Insulini humsaidia ambaye sukari yake imepanda. Akipewa ambaye sukari yake imeshuka, yaweza kumuua. Kwa mwenye kisukari, kipimo kilicho chini ya milimoli 3.9 kwa lita huhesabiwa kuwa sukari imeshuka. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu kinywani. Apelekwe kituoni mara moja. Pasipo kipimo, dalili zikielekeza kwenye kushuka, ni salama zaidi kutoa sukari kuliko kungoja.

Hapa Kiswahili kinatupa msaada mkubwa. Wananchi husema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" pale daktari anapoandika "hypertension" na "hypotension". Kupanda na kushuka hayafanani kwa sauti wala kwa maandishi, na hakuna mkazi wa Uluguru anayeyachanganya, kwani miguu yake huyatenda kila siku.

Jozi ya pili: mfuko wa uzazi

Maneno "hysterectomy" na "hysterotomy" yana herufi 10 za pamoja. Kipande "hyster" ni mfuko wa uzazi. Katika neno la kwanza, "ec" ina maana ya nje: mfuko umekatwa na kutolewa. Katika neno la pili mfuko umepasuliwa, kwa mfano ili kumtoa mtoto, kisha ukashonwa na kubaki mahali pake.

Mwanamke aliyetolewa mfuko wa uzazi hatabeba mimba tena. Aliyepasuliwa na kushonwa anaweza kubeba mimba, na kovu lake linaweza kuchanika wakati wa uchungu. Hivyo anapaswa kuhudhuria kliniki mapema na kujifungulia katika hospitali yenye huduma ya upasuaji. Akielezwa kimakosa kwamba hatazaa tena, huenda asitumie uzazi wa mpango, na akaja kushikwa na uchungu akiwa mbali na msaada. Pia ataomboleza bure. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, habari hiyo huwagusa watu wengi zaidi ya mume na mke.

Ya kuzingatia

Kwa mhudumu wa afya: andika neno zima kwa herufi zinazosomeka, wala usifupishe kwa "hypo" au "hyper" pekee. Kando ya neno weka kipimo, kwa kuwa tarakimu 2.1 haiwezi kudhaniwa kuwa sukari nyingi. Kisha ongeza maelezo ya Kiswahili: "sukari imeshuka", "mfuko wa uzazi umetolewa", "mfuko wa uzazi umepasuliwa na kushonwa, upo". Unapopokea karatasi ambayo neno lake halilingani na kipimo au dalili, usikisie. Mpigie simu aliyeiandika.

Kwa mgonjwa na ndugu zake: kabla ya kuondoka hospitalini, ulizeni maswali matatu. Kilichopimwa kimepanda au kimeshuka? Kilichopasuliwa kimetolewa au kipo? Nikizidiwa nyumbani, nifanye nini kwanza? Ombeni majibu yaandikwe kwa Kiswahili katika karatasi hiyo hiyo. Kuuliza hivyo si kumkosea daktari heshima. Ni sehemu ya matibabu, na daktari anawajibika kujibu.