Bayana ya Maumivu ya Chini ya Kitovu kwa Wanawake

Fahamu, ewe ndugu, ya kuwa maumivu ya nyonga kwa mwanamke hayana sababu moja, wala si yote yaitwayo chango.

La kwanza, ni mimba iliyotunga katika mrija, nje ya mfuko wa uzazi. Dalili zake ni kukosa hedhi, maumivu ya upande mmoja, damu na kizunguzungu. Mrija ukipasuka, mwanamke huweza kufa kwa damu imwagikayo ndani. Basi asicheleweshwe nyumbani hata saa moja.

La pili, ni maambukizo ya mirija, hasa ya kisonono na klamidia. Mke mwema huweza kuyapata kwa mumewe. Na mume asipotibiwa pamoja naye, maradhi hurejea, na pengine huleta utasa.

La tatu, ni endometriosi: nyama mfano wa utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Huwapata wanawake wa umri wa kuzaa kiasi cha 1 katika 10.

Kisha kuna uvimbe, maradhi ya mkojo, na kidole tumbo.

Ama uchunguzi, huanza kwa maswali na kupima mkojo kujua mimba. Kisha hupimwa ute, na hupigwa picha ya mawimbi ya sauti. Picha safi haikanushi endometriosi.

Na katika kufunuliwa, hutangulizwa tabibu mwanamke. Akikosekana, yafaa mwanamume mwaminifu, mbele ya mume au mahramu, kwa kadiri ya haja. Basi mume asimzuie mkewe kwa haya, kwani nafsi ni amana. Wallahu aalamu.