Steshenari, Redio na Haki za Wajane: Mafunzo Niliyopata

Nina steshenari mjini Morogoro, nina studio ndogo ya kurekodi matangazo ya biashara, na kila wiki ninaandaa kipindi cha redio kuhusu ardhi na mirathi. Kazi hizi tatu zilikutana dukani. Ukifungua steshenari jirani na mahakama ya mwanzo, wajane watakuja kuchapiwa barua za malalamiko, na ukishazichapa za kutosha huwezi tena kusema hujui kinachoendelea vijijini.

1. Biashara ndiyo inayolinda sauti

Kopi, laminesheni, kadi za harusi na fulana za mahafali ndivyo vinavyolipa kodi ya fremu na muda wa hewani. Mwaka 2018 zilipotoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni, mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kuwa na leseni, na gharama zake kwa ujumla zilizidi shilingi milioni 2. Blogu nyingi zilizimika. Wenzangu ninaowafahamu walioendelea walikuwa na kitu kingine cha kuwaingizia kipato. Ukitegemea wafadhili, mradi wao una tarehe ya mwisho. Mjane aliyenyang'anywa shamba hana tarehe hiyo.

2. Anza na haki za watu wako mwenyewe

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na mama aliyejifungua siku 84 zenye malipo. Anayetetea haki redioni huku dada wa kaunta hana mkataba, anawadanganya wasikilizaji. Na risiti za mashine ya kodi (EFD) zitolewe kila siku, kwa kila mteja. Mtu mzito ukimgusa, atatafuta kasoro kwenye hesabu zako kabla hajajibu hoja.

3. Barua ya mteja si habari yako

Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Mtu anakuja na muhtasari wa kikao cha ukoo ulioandikwa kwa mkono, anataka uchapwe ili upelekwe mahakamani, msimamizi wa mirathi ateuliwe. Unapochapa orodha ya waliohudhuria unaona ndugu wa marehemu wote wapo, ila jina la mjane halipo. Kwa mwandishi hiyo ni habari iliyoiva. Kwa mwenye duka hiyo ni karatasi ya mteja aliyekuamini, na mteja huyo pengine ndiye shemeji aliyemwacha mjane nje ya kikao.

Utaratibu wetu ni huu: faili linafutwa kwenye kompyuta mteja akishachukua nakala zake. Hakuna linalokwenda redioni mpaka mhusika aje kwa hiari yake, arekodi, kisha aisikilize rekodi yake mwenyewe kabla haijaruka. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Ukisema "mjane wa fundi cherehani mwenye mapacha", kijiji kizima kimeshamjua, na anayeishi naye jirani ni yuleyule aliyemfukuza shambani. Kwa hiyo kijiji hatukitaji, wala kazi ya marehemu, wala idadi ya watoto. Tangu ianze kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kulinda taarifa za mtu ni takwa la sheria pia, lakini lilikuwa haki hata kabla ya hapo.

Ninamheshimu sana Maxence Melo wa JamiiForums, aliyekamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wa mtandao wake. Alionyesha kwamba mwenye chombo cha habari akiombwa majina ya waliomwamini, anaweza kukataa na kuyakabili yatakayofuata.

4. Msikilizaji apewe njia

Kumliza msikilizaji ni rahisi, lakini machozi hayarudishi shamba. Kipindi kilichopigiwa simu nyingi kuliko vyote kilieleza jambo moja tu: tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata halitoi hukumu kwenye mgogoro wa ardhi. Linasuluhisha, na siku 30 zikipita bila mwafaka, mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Waliopiga simu walikuwa bado wanangoja hukumu ambayo baraza la kata halina tena mamlaka ya kuitoa.

Kingine kilichowasaidia wengi ni kusikia kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu tu ya usimamizi wake. Anakusanya mali, analipa madeni na kuwagawia wenye haki. Na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Mimi si wakili. Kesi yenyewe naielekeza kwa wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

5. Oda isinunue ukimya

Msimu wa uchaguzi bei zinabandikwa ukutani, vyama vyote bei moja. Mgombea mmoja alileta oda kubwa ya fulana, kisha akauliza kama tutaendelea kuzungumzia mashamba ya kijiji fulani. Nilimjibu kwamba fulana atazipata na kipindi kitaendelea. Aliondoka na oda yake. Mwezi ule ulikuwa mgumu, na ningemjibu hivyohivyo leo.

6. Mahakama huchelewa, lakini hubadilisha mambo

Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 dhidi ya vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18. Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Kabla yake, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakupata mgawo, lakini wanawake waliofuata wamedai haki yao kwa hukumu hiyo.

Nawe mwenye steshenari, popote ulipo nchini, bandika ukutani karatasi moja yenye hatua za mirathi na za mgogoro wa ardhi. Gharama yake ni wino na karatasi, na anayesubiri kopi zake ataisoma.