Sheli imevuja: ardhi itajisafisha kweli?

Tangi la sheli likivuja na visima vya jirani vikaanza kunuka petroli, mwenye sheli atawaambia kwamba ardhi hujisafisha yenyewe. Msimkatalie upesi, maana bakteria wa udongoni kweli hula mafuta. Mwambieni alete vipimo.

Kabla ya vipimo, chanzo kifungwe. Tangi litolewe mafuta, na yale yanayoelea juu ya maji ya ardhini yavutwe kwa pampu kadiri yanavyotoka. Bakteria hawafui dafu mbele ya tangi linaloendelea kuvuja.

Acheni pia kunywa maji ya visima hivyo, na msiitegemee pua. Shirika la Afya Duniani linataka benzini, kemikali ya petroli inayosababisha saratani ya damu, isizidi miligramu 0.01 kwa lita ya maji. Pua huanza kuinusa ikifika takriban miligramu 10, yaani mara 1,000 ya kiwango hicho. Dawa ya klorini haiiondoi. Kuyachemsha maji ni kuihamishia hewani, humo humo jikoni mnamopumua.

Sasa vichimbwe visima vyembamba vya uchunguzi. Vitatu vilivyokaa pembetatu, vikipimwa kina cha maji, vinatosha kuonyesha maji yanaelekea wapi. Mteremko wa barabara unaweza kuwadanganya. Kimoja kiwe upande maji yanakotokea, kabla ya tangi. Vingine viwe katikati ya uchafu, na cha mwisho kati ya uchafu na kisima cha kwanza cha watu. Hicho cha mwisho ndicho mlinzi wenu. Angalieni pia kama kuna jirani mwenye pampu kubwa, kwa sababu anaweza kuyavuta maji yakageuza njia.

Sampuli huchukuliwa kwa chupa ndogo za kioo, zijazwe pasibaki hata kipovu cha hewa, zikae kwenye barafu mpaka maabara. Mkitumia chupa ya soda iliyojaa nusu, benzini itatorokea hewani na mtaletewa majibu ya kufurahisha tu.

Majibu ya benzini peke yake hayatoshi. Masika inaweza kuishusha kwa kuongeza maji tu, bila bakteria kufanya lolote. Kazi yao huacha alama nyingine: hutumia oksijeni kwanza, ikiisha huingia kwenye naitreti, halafu manganizi na chuma cha udongoni, kisha salfeti, na mwisho hutokea gesi ya methani. Linganisheni basi kisima cha kabla ya tangi na vile vya katikati. Katikati, oksijeni, naitreti na salfeti zinapaswa kuwa zimepungua, huku chuma kilichoyeyuka na methani vikiwa vimepanda. Mkikuta hivyo, na benzini ikishuka masika kwa kiangazi miaka kadhaa mfululizo, dai la mwenye sheli lina mashiko.

Miaka hiyo huenda ikawa mingi. Karibu na Bemidji, jimbo la Minnesota nchini Marekani, bomba la mafuta ghafi lilipasuka tarehe 20 Agosti 1979 na kumwaga lita milioni 1.7 hivi. Baada ya usafishaji, karibu lita 400,000 zilibaki ardhini, na tangu 1983 wanasayansi wa serikali wamekuwa wakipima pale. Bakteria waliizuia benzini isifike mbali, lakini miongo kadhaa baadaye mafuta bado yalikuwa ardhini. Tena, chuma kilipoyeyuka, aseniki iliyokuwa imeshikamana nacho iliachiwa majini. Watu wengi hawaitaji aseniki katika habari hizi. Nyinyi iombeni ipimwe.

Kuna mahali pa kukataa kabisa kusubiri. Kwenye mawe ya matumbawe ya mwambao maji hukimbia ndani ya nyufa, na bakteria hawapati muda. Vilevile ikiwa kisima cha watu kiko hatua chache kutoka tangini, au petroli ilitiwa MTBE, kiongezi kinachoyeyuka majini kwa urahisi na kuliwa polepole mno.

Mkikubali kusubiri, andikeni makubaliano: benzini ikionekana kwenye kisima mlinzi, pampu na mitambo ya kusafisha vianze mara moja kwa gharama ya mwenye sheli. Nakala za majibu yote ziende kwa wasimamizi wa mazingira wa serikali: NEMC kwa Tanzania, au NEMA kwa Kenya. Na anayelipa maabara asiwe ndiye anayechota sampuli.