Kufundisha Kutaja Ghala la Mbali na Tawi Lake

Mwalimu anayemtuma mtoto kupeleka daftari hana budi kutaja mambo mawili: lipelekwe chumba kipi, na liwekwe juu ya meza ipi. Akiacha mojawapo, daftari laweza kufika mahali pasipotakiwa. Kanuni hiyo ndiyo kiini cha somo hili.

Git ni programu ya kutunza historia ya mafaili. Ilitungwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Kila mshiriki huwa na ghala kamili katika kompyuta yake. Ghala la mbali ni ghala jingine la kazi ileile, lililoko kwingine. Ndani ya ghala mna matawi, na kila tawi ni mfuatano wa matoleo ya kazi. Somo hili lawafaa wanafunzi wa klabu ya kompyuta, na walimu wanaoandaa masomo kwa pamoja.

MADHUMUNI

Mwishoni mwa somo, mwanafunzi aweze kutaja ghala na tawi katika amri zake, na kueleza tofauti ya "chuo hesabu" na "chuo/hesabu".

HATUA YA KWANZA: Maboksi

Weka boksi moja mezani, liwe ghala letu, na jingine mwisho wa darasa, liwe ghala la chuo. Katika kila boksi tia bahasha mbili: "hesabu" na "sayansi". Mpe mwanafunzi kadi, umwambie, "Peleka." Bila shaka atauliza, "Wapi?" Mwache aulize, kisha darasa zima litafute jibu lenye sehemu mbili.

HATUA YA PILI: Jina

Anwani ya ghala la mbali ni ndefu, kwa hiyo hupewa jina fupi:

git remote add chuo ANWANI

Mahali pa neno ANWANI huandikwa anwani yenyewe. Mtu akinakili ghala zima kwa git clone, Git hulipa ghala lile la mbali jina la origin. Yafaa wanafunzi waelezwe kwamba hilo ni jina tu, kama lilivyo "chuo". Halina nguvu ya pekee. Amri ya git remote -v huonyesha majina yote na anwani zake.

HATUA YA TATU: Nafasi na mkwaju

Hapa mwalimu asifanye haraka. Andika ubaoni:

git push chuo hesabu
git fetch chuo
git log chuo/hesabu

Amri ya kwanza hupeleka tawi la hesabu kwenye ghala la chuo. Ya pili huleta habari za ghala hilo. Ya tatu haiendi mbali kamwe. Jina lenye mkwaju ni kumbukumbu, iliyomo katika kompyuta yetu, ya hali ya tawi lile tulipowasiliana na ghala mara ya mwisho.

Rudi kwenye maboksi. Bandika juu ya boksi letu karatasi isemayo, "Bahasha ya hesabu ya chuo ina kadi 3." Sasa mwanafunzi mwingine aongeze kadi ya nne kule nyuma. Karatasi yetu bado yasema 3! Haitabadilika mpaka mtu aende kutazama, na huko kutazama ndiko git fetch. Asiyefanya hivyo husoma habari za jana akidhani ni za leo.

HATUA YA NNE: Nukta mbili

git push chuo rasimu:hesabu

Kushoto ni tawi letu. Kulia ni tawi la ghala la mbali. Upande wa kushoto ukiachwa wazi, yaani

git push chuo :hesabu

Git hulifuta tawi la hesabu katika ghala la chuo, isipokuwa ghala limewekewa ulinzi. Haiulizi kwanza.

TAHADHARI

Amri ya git push pekee, bila ghala wala tawi, hufuata mipangilio iliyopo. Kabla ya Git 2.0 ya mwaka 2014, kwa kawaida ilipeleka matawi yote yenye majina yanayolingana pande zote mbili. Tangu hapo hupeleka tawi linalotumika tu. Amri ileile, matokeo mbalimbali: basi mwanafunzi azoee kutaja.

Tena, ghala la mbali likiwa na kazi ya mwenzetu tusiyokuwa nayo, Git hukataa kupokea yetu. Mwanafunzi asifundishwe kulazimisha kwa --force, maana aweza kuifuta kazi hiyo katika tawi. Alete kwanza, aunganishe, ndipo apeleke.

UPIMAJI

1. Andika amri ya kupeleka tawi la sayansi kwenye ghala la chuo.
2. Mwenzako ameongeza toleo asubuhi hii. Kwa nini huenda chuo/sayansi isilionyeshe?
3. Eleza tofauti ya "rasimu:hesabu" na ":hesabu".

Atakayeshindwa swali la pili arudishwe kwenye maboksi kabla ya kurudishwa kwenye kompyuta.