Konokono Tritoni: Mjue Kabla ya Safari ya Pwani

Isiolo iko mbali na bahari, lakini shule zikifungwa wengi wetu hushuka Pwani, na wengine hurudi na kombe kubwa la kupamba sebule. Huenda kombe hilo lilikuwa la tritoni, mmoja wa konokono wakubwa kabisa wa bahari za joto. Ni vyema umjue kwanza, kwani baharini ana kazi muhimu.

Ni mnyama wa aina gani?
Yumo katika kundi la moluska, yaani wanyama wenye mwili laini wasio na uti wa mgongo, pamoja na pweza na chaza. Ndani ya kundi hilo yuko kwenye ngeli ya konokono, sawa na wale wanaotambaa kwenye sukuma wiki mvua ikinyesha. Wanasayansi humwita *Charonia tritonis*. Sehemu ya pili ya jina hilo alipewa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1758.

Nitamtambuaje?
Kombe lake limechongoka upande mmoja na huweza kufikia nusu mita. Lina mabaka ya kahawia na maziwa yaliyopangana kama manyoya ya kanga, na mdomo wa rangi ya chungwa. Akishtuka hujivuta ndani na kuziba mlango kwa kifuniko kigumu cha kahawia.

Anaishi vipi?
Mchana hujificha kwenye nyufa za matumbawe. Usiku hunusa na kufuata viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota. Akimkamata mmoja humpasua ngozi kwa ulimi wenye meno madogo, humpooza kwa mate, kisha humla. Miongoni mwa viti vya pweza anaowala ni yule wa miiba, anayekula matumbawe hai. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makao na mvuvi hukosa riziki. Ndiyo maana kuokota tritoni ni hasara kwa wengi.

Niende wapi, kwa gharama gani?
Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968. Panda matatu hadi Nairobi, kisha treni hadi Mombasa. Tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda tu. Watamu iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Beba kitambulisho, kwa sababu raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Bei ya mashua patana kabla ya kupanda. Tritoni ni nadra kuonekana mchana, ila matumbawe utayaona.

Nijihadhari na nini?
Usishike konokono yeyote aliye hai. Koni, mwenye kombe zuri lenye umbo la pia, huchoma kwa sumu inayoweza kuua, na dawa ya kuizima haipo. Aliyechomwa atulizwe, asitembeetembee, apelekwe hospitali mara moja.

Naweza kubeba kombe?
Ndani ya hifadhi ni marufuku kuondoa chochote, hata kombe tupu, maana kaa huhamia humo. Ukiletewa kombe ufukweni, kataa kwa upole: wanunuzi wakikosekana, hakuna atakayewatoa tritoni baharini.